Wenzangu wa dirisha la dawa, daktari akiandika nje ya mwongozo mnafanyaje?

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi dawa, mwaka wa saba huu, hospitali moja huku mwambao wa ziwa.

Jumanne kaja mvuvi, kavuka na feri ya asubuhi. Cheti kinasema nimonia isiyo kali, mtu anatembea, anakula, lakini kaandikiwa sindano ya antibiotiki, seftriaksoni, tena kwa jina la kampuni. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, wenye orodha ya dawa muhimu, unaanza na amoksilini ya kumeza, na ninayo kabatini. Nikampigia daktari. "Toa nilichoandika, hizo za orodha ni za zahanati." Mgonjwa akasikia, akaikataa amoksilini, akaenda kununua sindano nje kwa hela ya samaki.

Kinachoniuma zaidi, wenzangu wawili hapa dirishani nao wanaiita orodha ya maskini. Seftriaksoni tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limeiweka kundi la kutumika kwa uangalifu, usugu wa vimelea dhidi ya dawa usienee. Sisi tusipoiamini orodha, mvuvi ataiaminije?

Jibu 1
Pole sana. Usibishane kwa simu mgonjwa akiwa mbele yako. Sisi Ukerewe tulikusanya vyeti vya mwezi mzima, tukafunika majina ya madaktari, tukavipeleka Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali: fungu hili la ndani ya orodha, fungu hili la nje. Mganga mfawidhi alinyamaza muda mrefu. Sasa ukiandika nje ya orodha, unaandika na sababu.

Jibu 2
Mimi niliitetea orodha mpaka prazikwanteli, dawa ya kichocho, ilipokata. Kichocho mnakijua huku ziwani. Mtu wa kilo 60 anahitaji vidonge 4 vya miligramu 600, na mimi sina hata kimoja. Tuliagiza, zikaja pungufu. Wenzako hawana dharau, ndugu yangu, wamechoka kusema "hakuna".

Muuliza swali
Jibu 2, umenigusa. Nimefungua leja usiku huu. Hata kwetu dawa hiyo ilikata wiki tano, na kwenye maombi tuliandika matumizi kama yalivyo, bila kuondoa siku ambazo dawa haikuwepo. Ikaonekana tunatumia kidogo, tukaletewa kidogo. Kesho nakaa na wale wawili tuipige hesabu upya pamoja. Vyeti vya kamati tunaanza kukusanya Jumatatu.