Nishati ya ATP imehifadhiwa wapi hasa, na elektroni zinahusikaje?

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita:
Shikamooni walimu na wakubwa zangu. Daftari langu la bayolojia linasema kwamba nishati imehifadhiwa ndani ya kifungo cha fosfati cha ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli), na kwamba kifungo hicho kikivunjika nishati hutoka. Daftari la kemia linasema kwamba kuvunja kifungo chochote hugharimu nishati, na kwamba nishati hutoka vifungo vinapoundwa. Lipi ni sahihi? Sipendi kukariri mambo mawili yanayopingana. Tena, elektroni za chakula zinaingia wapi katika habari hii?

Mwalimu wa kemia:
Marahaba, mdogo wangu. Shika la kemia. Hata kifungo hicho hugharimu nishati kukivunja, ila gharama hiyo ni ndogo kuliko nishati inayopatikana fosfati iliyong'oka inapojifunga upya na maji. Fosfati tatu za ATP zimebanana huku zikibeba chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana, na zikitengana hutulia.

Hata hivyo, hiyo ni nusu tu ya jibu. Katika hali sanifu moli moja ya ATP hutoa kilojuli 30.5, lakini ndani ya seli hai hutoa karibu 50, ingawa molekuli ni ileile. Sababu ni kwamba seli hudumisha ATP nyingi na ADP (ATP iliyopoteza fosfati moja) chache, mbali na msawazo wa kemikali, yaani hali ambayo mmenyuko hauelekei tena upande wowote, kwa zaidi ya mara milioni 100. Akiba yenyewe ni umbali huo. Mmenyuko ukiachwa ufike kwenye msawazo, ATP itakayosalia haiwezi kufanya kazi yoyote, japokuwa vifungo vyake havijabadilika hata kidogo.

Msomaji wa biokemia:
Naongezea pale alipoishia mwalimu, kwa kuwa umbali huo hudumishwa na elektroni. Elektroni zilizotolewa kwenye chakula huchukuliwa na NADH, molekuli ya kubebea elektroni, hadi kwenye utando wa ndani wa mitokondria (sehemu ya seli inayotengeneza ATP nyingi), ambako hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine, zikipitia atomi za chuma na za shaba, mpaka zifike kwenye oksijeni. Mteremko wote ni wa volti 1.14 hivi, na kwa kuwa zinashuka hatua kwa hatua, baadhi ya hatua hizo husukuma protoni (ioni za hidrojeni) kwenda upande wa pili wa utando. Tofauti inayojengeka ni ya volti 0.15 hivi, ambayo yaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba utando una unene wa nanomita 5 au 6 tu. Ukipiga hesabu utapata takriban volti milioni 30 kwa mita, yaani kama mara 10 ya kiwango kinachotosha kutoa cheche hewani.

Peter Mitchell, Mwingereza, alitoa wazo hili mwaka 1961, na ilimchukua miaka mingi kukubaliwa kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Protoni hurudi kupitia kimeng'enya kinachozunguka kama rota, na mzunguko huo ndio unaounda ATP. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walibandika uzi wa protini unaong'aa kwenye mhimili wake, wakakipa ATP, wakauona kwa hadubini ukizunguka. Kila nikilifikiria jaribio hilo hustaajabu upya.

Mkulima wa mihogo:
Mwanangu, ukitaka kuona uzito wa maneno hayo, angalia mihogo michungu. Kwetu hulowekwa siku tatu hivi mpaka ilainike na kunuka uchachu, kisha huondolewa nyuzi, hupondwa na kuanikwa juani, kwa sababu sianidi lazima itoke. Sumu hiyo hukikamata kimeng'enya cha mwisho, pale elektroni zinapokabidhiwa oksijeni. Aliyedhurika huwa na oksijeni ya kutosha kwenye damu, lakini seli zake haziwezi kuitumia: elektroni hukosa pa kwenda, protoni hazisukumwi tena, na ATP hupungua haraka, hasa katika ubongo na moyo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita:
Nawashukuru sana. Kumbe oksijeni tunayovuta inahitajika ili kuzipokea elektroni mwisho wa safari yake. Nimelifuta lile la daftari la bayolojia, na nimeandika pembeni: umbali kutoka kwenye msawazo.