Naomba ushauri: pini ya kalipa imekwama kabla ya kwenda kukimbiza gari

Assalaam aleikum wakubwa na ndugu zangu. Niko Malindi, nabadilisha mwenyewe pedi za breki za mbele za Subaru Impreza, kujitayarisha kwa siku ya kukimbiza gari uwanjani Athi River.

Kulia kumekamilika vizuri. Kushoto pedi ya ndani imelika karibu kufika chuma, ya nje bado nene. Pini moja ya kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) haitelezi. Nashuku chumvi ya bahari, maana huku chuma hakidumu. Nimeipiga msasa na kupaka grisi ya silikoni, ikalegea kidogo tu. Pistoni inarudi ndani kwa klampu, haivuji, na diski haina ufa. Mafuta ya breki namwaga yote ya DOT 3 niweke DOT 4 mapya, ambayo hustahimili joto hadi nyuzi 230 kabla ya kuchemka, si 205.

Je, pini mpya na mipira yake itatosha, au nibadilishe kalipa nzima? Na pedi mpya nizizoeshe kwanza kwa kufunga breki mara kwa mara barabarani kukiwa kweupe, au safari ya zaidi ya kilomita 500 itazikalisha yenyewe? Nitambeba mdogo wangu, sitaki kubahatisha.