Sudani Kusini: kwa nini serikali ya mpito haipiti?

Mkazi wa Njiro (mleta mada)
Wanajukwaa, salaam. Hapa kwetu Arusha, tarehe 21 Januari 2015, makundi matatu ya SPLM, chama tawala cha Sudani Kusini, yalitia saini makubaliano ya kukiunganisha chama, CCM ikiwa msuluhishi. Mwaka huohuo ukaja mkataba wa amani wa Agosti wa kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Aprili 2016 ikaundwa serikali ya pamoja ambayo haikumaliza hata miezi mitatu. Iliyopo sasa iliundwa Februari 2020 kwa muda wa miezi 36, ikaongezewa muda mara mbili, na uchaguzi umesogezwa hadi Desemba 2026. Naomba mwenye kufahamu anieleze: tatizo ni kutopatana kwa Rais Salva Kiir na hasimu wake Riek Machar, aliyekuwa makamu wake wa kwanza, au mikataba yenyewe ilisukwa vibaya?

Mzee wa Majengo, Moshi
Ndugu mleta mada, kutopatana kwao hakuna anayekukana, lakini mimi naona kosa kubwa ni kugawana viti kabla ya kuunganisha majeshi. Kumbuka tarehe 8 Julai 2016: wakubwa hao wawili walikuwa ndani ya Ikulu ya Juba wakizungumza, na walinzi wao, ambao kila kundi lilimtii mkubwa wake tu, wakaanza kupigana risasi nje. Siku chache baadaye Machar alikuwa anakimbilia Kongo kwa miguu. Mkataba wa Septemba 2018 ulijaribu kurekebisha hilo kwa kutaka kwanza liandaliwe jeshi la pamoja la askari 83,000, ila serikali iliapishwa Februari 2020 na kundi la kwanza la askari hao likahitimu Agosti 2022. Mawaziri walikwisha kuzoea ofisi zao, na askari bado walikuwa kambini wakisubiri chakula na silaha.

Binti wa Kiboriloni
Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu majeshi, lakini naomba kuongeza jambo moja linaloniumiza. Serikali hii ilipangiwa makamu wa rais watano, mawaziri 35 na bunge la viti 550, vyote vikigawanywa kwa mafungu baina ya waliotia saini, kwa hiyo kila mwaka unaoongezwa ni mwaka mwingine wa madaraka bila kumwomba mwananchi kura. Linganisha na Burundi, ambayo mkataba wake ulisainiwa hapohapo Arusha Agosti 2000: Rais Pierre Buyoya alipewa miezi 18 kuanzia Novemba 2001, na ilipotimia, Aprili 2003, akamkabidhi makamu wake Domitien Ndayizeye, ingawa vita vilikuwa havijakwisha. Sudani Kusini haikuwekewa zamu ya namna hiyo.

Mkazi wa Njiro
Nawashukuru. Je, tangu Machar awekwe kizuizini Machi 2025, bado tunaweza kuiita serikali ya mseto?

Mzee wa Majengo, Moshi
Marahaba, binti yangu. Hoja yako ya zamu ni nzito. Ndugu wa Njiro, kwa jina ni ya mseto, kwa kuwa baadhi ya watu wa Machar wamebaki kwenye nafasi zao. Lakini Septemba 2025 yeye mwenyewe alishtakiwa kwa uhaini na mauaji, akasimamishwa umakamu wa kwanza. Mkataba ulijengwa hasa juu ya saini za watu wawili, na mmoja wao sasa yuko kizimbani. Anayepanga uchaguzi huo wa Desemba anapaswa kutuambia kwanza masanduku ya kura yatalindwa na askari wa nani.