POO kwa hesabu za fizikia: nilipie C++ ama nijifunze Python nyumbani?

Mwana_Nguba (Bukavu)
Jambo wandugu. Niko mwaka wa mwisho wa fizikia. Nataka kujifunza POO, yaani kupanga programu kwa klasi (kiolezo) na objekti (vitu vinavyotengenezwa kwa kiolezo hicho), kwa hesabu za TFC yangu, ile kazi ya kumaliza masomo. Kituo kimoja hapa mjini kinafundisha C++ miezi 3, dola 120. Rafiki yangu anasema niache, Python inatosha. Mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa. Nifanye nini?

Katindo_Hesabu (Goma)
Ndugu, hujasema unahesabu nini. Chembe? Joto? Mawimbi? Mashini yako ina RAM ngapi? TFC unaiweka lini? Mwalimu anayekusimamia anasoma lugha gani?

Fundi_Ruashi (Lubumbashi)
C++, lipa. Geant4 na ROOT, programu ambazo watu wa CERN, kile kituo cha utafiti wa chembe kule Ulaya, wanatumia, zimeandikwa kwa C++. Ukiishika hiyo, nyingine hazitakusumbua.

Yaya_Kadutu (Bukavu)
Mdogo wangu, ngoja nikueleze yaliyonipata. Nilijifunza Python peke yangu. Nikaandika chembe 200 za gesi ndani ya sanduku, hivi:

class Chembe:
    kasi = [0.0, 0.0]

Nikibadilisha kasi[0] ya chembe moja, zote 200 zinageuka pamoja kama kundi la ndege. Wiki mbili nilitafuta kosa kwenye fizikia. Nilirudia milinganyo kwa mkono, nikaacha njia ya Euler nikashika ya Verlet (zote ni njia za kuhesabu mwendo hatua kwa hatua), na bado. Kwetu wakati huo umeme ulikuwa unakuja usiku, basi naamka saa 8, naketi na mashini hadi alfajiri, huku mtoto amelala mgongoni. Nililia kweli. Kumbe orodha ikiandikwa pale juu ni moja tu, objekti zote zinaishika hiyo hiyo. Ilipaswa kuwa self.kasi = [0.0, 0.0] ndani ya __init__, sehemu inayoendeshwa kila objekti inapoundwa, ndipo kila chembe ipate yake. Aliyeniokoa ni kijana mmoja aliyetazama programu yangu dakika tano. Kwa hiyo usiulize lugha kwanza. Uliza kama pale kituoni kuna mtu atakayeketi na wewe asome ulichoandika.

Fundi_Ruashi
Yaya, pole sana. Lakini hapo unanipa haki. Kwenye C++ ukitangaza kasi ndani ya klasi, kila objekti ina yake, labda uandike mwenyewe static, neno linalofanya zote zishiriki moja.

Katindo_Hesabu
Na ukisoma nafasi ya 201 kwenye safu ya 200, C++ inaweza kukupa takataka bila kukuonya. Nayo inakula wiki mbili.

Mwana_Nguba
Aksanti wote, na samahani kwa kutoeleza. Ni Ziwa Kivu: joto na chumvi kufuata kina, toka juu hadi mita 485. RAM ni 4 GB. Nimebakiza miezi 4. Msimamizi anasoma Fortran tu, ile lugha ya zamani ya hesabu. Nilifikiria klasi Tabaka, objekti 485, kila moja mita 1.

Katindo_Hesabu
Sasa tunaweza kuongea. Usifanye objekti 485. Fanya objekti moja, Ziwa, ndani yake safu za NumPy (maktaba ya Python ya hesabu za safu): safu ya joto, safu ya chumvi. Hesabu inapita kwenye safu nzima kwa mara moja. Ukizungusha Tabaka moja moja, Python inachelewa kwa kila hatua.

Na angalia ukubwa wenyewe. Joto likipita kwa molekuli tu, bila maji kukorogeka, kiwango chake ni kama 0.00000014 mita za mraba kwa sekunde. Kwa njia rahisi ya kwenda mbele (hali ijayo inahesabiwa moja kwa moja kutoka ya sasa), hatua ya muda isizidi mraba wa unene wa tabaka ugawe kwa mara mbili ya kiwango hicho. Kwa mita 1 unapata siku 41 hivi. Miaka 1,000 ni hatua karibu 9,000! Mashini yako inaziweza bila C++. Ukishuka hadi sentimita 10, hatua inakuwa saa 10, na bado utamaliza.

Klasi weka pale utakapobadilisha mawazo. Kwa Kivu pale ni densiti: maji ya chini yana joto kuliko ya katikati lakini hayapandi, kwa sababu ya chumvi na gesi ya kaboni. Densiti iwe klasi yake, ujaribu fomula mbili bila kugusa Ziwa.

Mwalimu_Mstaafu (Goma)
Wanangu, Fortran nayo ina objekti tangu toleo la 2003, msiidharau. Na POO yenyewe ilianzia kwenye kazi za namna hii: lugha ya Simula, Norwe, miaka ya 1960, kwa ajili ya kuigiza mifumo.

Birere_Dada (Goma)
Lugha ya Julia je? Haina klasi kabisa na inakimbia.
Halafu ndugu, hiyo programu itasema kama ziwa letu linaweza kulipuka kwa gesi kama Ziwa Nyos kule Kamerun mwaka 1986? Walikufa watu wapatao 1,700. Mama yangu anauza sambaza, wale samaki wadogo, ufukweni, ananiuliza kila siku.

Mwana_Nguba
Dada, joto na chumvi peke yake havijibu hilo. Lazima niongeze methani, gesi ya kaboni na shinikizo. Sasa natamani kuziongeza.

Katindo_Hesabu
Kwa miezi 4? Maliza joto kwanza.

Mwana_Nguba
Yaya Kadutu, Jumamosi naweza kukuletea klasi ya Ziwa uisome? Tukutane Nyawera.

Yaya_Kadutu
Njoo saa 4 asubuhi. Ichapishe kwenye karatasi, umeme sina uhakika nao.

Fundi_Ruashi
Na Ijumaa je? Unajiandikisha ama?