Tupeane uzoefu: safari ndefu za gari na familia kwenda Nepal na Bhutan

Baba Wawili (Delhi)

Wakuu habari za muda huu. Tupo Waswahili wengi tu huku India, wengine kazi, wengine masomo, wengine wamekuja kuuguza mtu wakajikuta wamekaa miezi, na kila likizo ikikaribia swali ni lilelile, hivi Nepal kwa gari na watoto inawezekana? Inawezekana, na kwangu mimi ni tamu kuliko ndege, ila kuna kitu kimoja lazima ukikubali kabla hujawasha gari: kule hupigi hesabu ya kilomita, unapiga hesabu ya masaa, na masaa yenyewe anayapanga yule aliyechoka zaidi ndani ya gari. Naanza na yangu, wengine mje na zenu.

Sisi tulitoka na gari letu la namba za India, mimi, mama watoto, watoto wawili na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Moshi. Upande wa India huku mwanzoni ni raha tupu, Yamuna Expressway mpaka Agra kilomita 165, halafu unaunga ile ya Agra kwenda Lucknow kilomita 302, lami safi, unalipa tozo unateleza. Tukalala Lucknow, kesho yake Gorakhpur, halafu mpaka wa Sunauli.

Sasa hapo Sunauli ndio naomba watu wasome taratibu. Wahindi na Wanepali wanavuka ule mpaka bila viza, ni mambo ya mkataba wao wa 1950, kwa hiyo barabara yenyewe haina anayekusimamisha, malori, riksho, watu na mizigo kichwani, wote wanapita tu, na dereva wa gari la mbele yetu akawa anatupungia mkono twendeni. Ofisi ya uhamiaji ya India kwa sisi wageni ni kaofisi kadogo kamejibana katikati ya maduka, ukipitiwa kidogo umeshakavuka. Na ukitokea upande wa Nepal bila muhuri wa kutoka India unarudishwa, sasa geuza gari kwenye ile foleni ya malori uone. Paki gari pembeni, chukua pasipoti za familia nzima, nenda kwa miguu mpaka uione ofisi.

Upande wa pili viza unapewa hapohapo, dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, dola 125 kwa siku 90, na watoto chini ya miaka 10 hawalipi. Beba dola taslimu. Gari nalo lina kibali chake cha forodha, wenyewe wanaita bhansar, unalipia kwa idadi ya siku, wanataka kadi ya gari, bima na leseni. Usifanye ujanja wa kulipia pungufu halafu uchelewe kurudi maana faini ipo. Na rudisha akili kwenye saa, Nepal wako mbele ya India kwa dakika 15, na mbele ya kwetu Afrika Mashariki kwa saa mbili na dakika 45.

Baada ya mji wa Butwal ndio safari inaanza sasa. Kuna mlima unaitwa Daunne, barabara ilikuwa inapanuliwa, vumbi hilo mpaka huoni taa za gari la mbele. Mama mkwe akalowesha khanga kwa maji ya chupa, akaikamua, akajifunga puani, akachana nyingine akawafunga wajukuu, tukapita. Mimi nilikuwa nimenunua barakoa za dukani na hazikufua dafu. Ukitoka Narayanghat kwenda Mugling ni kilomita 36 tu, mto Trishuli uko chini yako, mlima uko juu yako, na mawe yanaangukia barabarani. Kwa wanaoujua mlima wa Kitonga wa kwenda Iringa na kona zake, chukua Kitonga uirefushe siku nzima. Tarehe 12 Julai 2024 maporomoko yalisomba mabasi mawili kwenye kipande hichohicho yakaingia mtoni, watu zaidi ya 60 walikuwemo. Ndio maana nawaambia wenzangu Juni mpaka Septemba na familia hapana, na usiku hapana hata kama ni kiangazi. Saa kumi jioni mimi natafuta pa kulala, simsikilizi mtu.

Watoto walitapika sana, huo ndio ukweli. Kilichosaidia ni ndimu ya kunusa, kuwakalisha katikati ili waone mbele, kutowapa simu wakati wa kona, na kula kidogo kidogo. Na Kurintar pale kabla ya Mugling ukitokea Kathmandu kuna magari ya kebo ya kupandia mpaka hekalu la Manakamana, yapo tangu 1998, watoto walisahau matapishi yote.

Tulipofika mji wa Pokhara tuliamka alfajiri kuona milima. Machapuchare ikatoka kwanza, halafu Annapurna zikafuata. Mama mkwe amekulia na Kilimanjaro mlangoni kwake, akauliza hii na wetu upi mrefu, nikamwambia wetu 5,895, Annapurna ya kwanza 8,091. Akaangalia weee, akasema wetu umesimama peke yake, hii imezaliwa na ndugu zake. Mpaka leo wanangu wanairudia hiyo.

Kambi Popote

Naweka kambi hapa. Mkuu hao trafiki wa Nepal vipi, wanasumbua?

Baba Wawili (Delhi)

Walitusimamisha mara kadhaa kukagua kibali cha gari, ukiwa nacho wanakuachia. Wanaendesha kushoto kama sisi hivyo hapo huna kazi mpya. Honi tu ndio jiandae, kule kila kona unapiga honi kumjulisha anayekuja, ukikaa kimya ndio unaonekana dereva mbaya.

Mwana wa Bandari (Mombasa)

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, babu zetu walitoka Gujarat, na mamangu maisha yake yote alikuwa akitaja Muktinath, ni hekalu la Wahindu na Mabudha pia wanaliheshimu, liko juu kule wilaya ya Mustang, Nepal, mwinuko ni zaidi ya mita 3,700. Ana miaka sabini na kitu, magoti si mazuri. Ndugu zangu wakasema mpandisheni ndege ndogo ya Pokhara kwenda Jomsom, mji ulio karibu na hekalu, lakini zile ndege zasubiri hali ya hewa, upepo ukianza hairuki, na mamangu akasema mwenyewe yuataka kwenda kwa njia ya chini, aione njia.

Basi tukakodi gari Pokhara na dereva wa hukohuko. Hapa msibishane na mimi, hata kama wewe waendesha kutoka Mombasa hadi Kampala bila kulala, kutoka Beni kupanda mpaka Jomsom mpe mwenyeji usukani. Njia ni mawe na maji yapita juu yake, mahali pengine magari mawili hayapishani, mmoja yuarudi nyuma na korongo liko ubavuni. Ni kama kilomita 76 tu na yakula siku. Dereva wetu alikuwa akisimama kila penye chai, nikimuuliza yuanijibu mama amechoka, hata mama mwenyewe hajasema.

Kilichotuokoa ni kulala njiani. Pokhara iko chini, kama mita 800 na kitu, ukimtoa mzee hapo umfikishe Muktinath siku hiyohiyo kichwa kitamuuma, atatapika, na hilo si jambo la kuvumilia, dawa yake ni kushuka. Tulilala Tatopani, pana chemchemi za maji moto kando ya mto, mamangu akaweka miguu humo hadi giza likaingia. Halafu Marpha, kijiji cha matufaha, nyumba nyeupe zimeshikana, vichochoro vya mawe na maji yasikika yakipita chini. Ndipo tukapanda. Ikiwa mwatoka Jomsom tokeni asubuhi na mapema, maana ikifika saa nne saa tano upepo wa lile bonde la Kali Gandaki waanza na mchanga waingia hadi ndani ya meno.

Juu kule kuna mifereji 108 yatoa maji kama barafu, waumini hupita chini yake yote. Tulimwambia mama anawe uso yatosha. Akanipa mkoba wake na viatu, akapita yote, pole pole, ameshika ukuta. Kisha akaketi juani na shali mbili akaniambia sasa nipigie babako simu. Wageni mwahitaji kibali cha eneo la hifadhi ya Annapurna, kichukueni Pokhara kabla hamjaondoka.

Dada wa Siliguri

Jamani huyo mama wa Mombasa amenitoa machozi, Mungu amzidishie.

Mimi nina ya Bhutan. Mume wangu ni Mhindi, mimi pasipoti ni ya Tanzania, mtoto wetu wa miaka saba ana ya India. Tunakaa Siliguri, huku India, kwa hiyo mpaka wa Jaigaon wa kuingilia Bhutan ni karibu tu, unapita mashamba ya chai mpaka unachoka kuyaangalia. Sasa kwa familia mchanganyiko kama yangu hesabu zake ziko hivi: Bhutan wanatoza ada ya kila usiku, Mhindi ni rupia 1,200, mgeni mwingine ni dola 100 kwa usiku (ilikuwa 200 walipofungua mipaka Septemba 2022, wakaishusha 2023), mtoto wa miaka 6 mpaka 12 nusu, chini ya 6 bure. Kwa hiyo mimi peke yangu nilikuwa na gharama kubwa kuliko mume na mtoto wakijumlishwa, na mimi nahitaji viza iliyoombwa mapema, mume anapita na pasipoti au kitambulisho chake cha kura. Tukakaa chini tukapunguza usiku, tukaenda mji mkuu Thimphu, Punakha na Paro basi. Sikuona vibaya kulipa, maana ukifika unaona misitu imesimama na mito haina takataka, ila mjue mapema msije mkagombana mpakani mbele ya mtoto.

Muhuri wa kutoka India hata Jaigaon ni hivyohivyo alivyosema Baba Wawili, mume hakuhitaji, mimi nilihitaji, kwa hiyo yeye na mtoto walinisubiri.

Ukivuka geti la Phuentsholing, mji wa upande wa Bhutan, kelele zinakatika. Honi hakuna, magari yanasimama kwenye pundamilia mtu avuke, mwanangu akauliza mama leo ni sikukuu? Barabara ya kwenda Thimphu ni kama kilomita 150, inapanda kwenye ukungu sehemu za Gedu huoni kitu, lakini lami ni nzuri na dereva hakimbii. Thimphu hakuna taa za kuongozea magari, kuna askari amesimama kwenye kibanda katikati ya njia panda anaongoza magari kwa mikono. Mwanangu alisimama pale hakutaka kuondoka, akawa anamuiga.

Chakula sasa. Ema datshi ni pilipili na jibini, na pilipili ndiyo mboga yenyewe, zile ndefu nzima nzima. Mimi mtu wa Tanga pilipili nazijua nikasema leteni, ilikuwa tamu lakini ilinitoa jasho la mgongo. Mtoto muagizie wali, mayai na viazi.

Mtu wa Doha

Assalam aleikum. Yangu si ya gari langu lakini njia ndefu ni njia ndefu. Kazini kwetu Doha Wanepali ni wengi, na mmoja tumekaa naye chumba kimoja miaka kabla sijaleta familia. Akasema Dashain hii unakuja kwetu na shemeji na watoto, kwao ni wilaya ya Lamjung. Dashain ndiyo sikukuu yao kubwa, inaangukia Septemba au Oktoba, na Kathmandu yote inarudi kijijini. Pale Kalanki mnapotokea mjini magari hayasogei, watu juu ya mabasi, mbuzi ndani ya buti. Ukienda wiki hiyo na watoto toka alfajiri sana au siku mbili tatu kabla.

Tulifika usiku baada ya kipande cha mwisho cha tope. Mama yake alikuwa barazani na taa, chakula kimefunikwa, wali, dengu na mboga, na kwa sababu yetu mbuzi alikuwa amemtafutia mchinjaji Muislamu kutoka bondeni, rafiki yangu hakuniambia, nilijua kesho yake. Siku ya tika wazee wanawapaka watoto kwenye paji la uso mchele uliochanganywa na mtindi na rangi nyekundu, wanawaombea dua. Mama akamuuliza mwanawe kwanza kama kwetu inafaa, tukamwambia dua inatosha. Akaweka kiganja kitupu juu ya kichwa cha kila mwanangu, akasema maneno yaleyale aliyowaambia wajukuu zake, na noti mpya mpya wakapewa sawa na wenzao.

Halafu bembea! Wanasimika mianzi mirefu minne, wanaifunga juu, kamba katikati, wanaita ping. Binti yangu alibembea mpaka mikono ikachubuka.

Kambi Popote

Nauliza kwa niaba ya bimkubwa, yuko Chennai na mzee kwa matibabu, ana e-visa, ile viza ya kuomba mtandaoni, anataka akapumzike Nepal kidogo na wadogo zangu. Anaweza kurudi India kwa barabara?

Baba Wawili (Delhi)

Mkuu hapo msikurupuke. E-visa imewekwa kwa ajili ya kuingilia viwanja vya ndege na bandari zilizotajwa kwenye orodha yao, na mipaka mingi ya barabara haimo. Kutoka kwa gari atatoka, kurudi ndio kazi. Kwa mtu ambaye mzee wake yuko wodini mimi ningesema aende na kurudi kwa ndege, na kwanza ahesabu viza yake imebakisha kuingia mara ngapi. Aangalie orodha ya sasa kwenye tovuti yao ya serikali kabla hajalipa tiketi, asitegemee wakala wa mtaani.

Na kama mnafikiria Desemba Januari, jimbo la Uttar Pradesh, kule Lucknow na Gorakhpur, ukungu wa asubuhi ni mzito mno, magari yanagongana mfululizo kwenye hizohizo expressway nilizozisifia. Oktoba mwishoni na Novemba ndio miezi yangu, mvua imekwisha, milima inaonekana, Dashain imepita. Mpe mzee pole, atupe taarifa akitoka.