Mrejesho: wale vijana wa Uingereza waliokuja kujitolea kufundisha

Habari wandugu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kama ni sawa vijana wa miaka 17 kutoka Uingereza wapewe kufundisha P7 (darasa la saba, la mwisho la msingi) hapa shuleni kwetu Jinja, Uganda, mkuu wa shule alikua ashakubali. Basi nikamwendea na hoja zenu, nikamwambia mwalimu, hawa watoto wana PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza msingi, mwezi wa 11, masomo manne, mtu hajasomea ualimu wala hajui mitihani ya UNEB (baraza la mitihani la Uganda) ikoje atawafikisha wapi, akafikiria akakubali. P1 mpaka P3 nako hapana, mtaala unataka lugha ya nyumbani, sasa Lusoga, lugha ya huku, wataitoa wapi! Tukawaweka P5, wanasomesha vikundi vidogo na mwalimu wa darasa yupo humohumo muda wote.

Aisee imefanya kazi. Kuna binti alikua hafungui mdomo kabisa, juzi kasimama kasoma ukurasa mzima kwa sauti, kidole kinafuata mstari, wenzake makofi.

Kinachoniuma ni kwamba wanaondoka wakati watoto washawazoea. Nimemuomba mkuu wakija wengine wakae muhula mzima. Asanteni sana, hasa dada uliyesema mwalimu asitoke darasani.