Tuisheni za Adv (hesabu za kidato cha tano na sita) hapa Moshi, mnawalisha watoto uongo kuhusu derivativu ya pili!

Heshima kwenu wakuu. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa ada, ni mambo mawili tofauti.

Mpwa wangu yuko kidato cha sita, PCM. Likizo hii tumempeleka tuisheni moja yenye jina kubwa hapa Moshi, siitaji. Jana nikachungulia daftari lake, nusura nilirushe dirishani. Wino mwekundu kabisa: "Derivativu ya pili ikiwa hasi, fankisheni inashuka." Dogo alikuwa ameandika kwamba inaweza kuwa inapanda, akapigwa mkasi.

Inashuka wapi? Panda Coaster ya Arusha hapo stendi. Dereva yuko 80, anakaribia Bomang'ombe, anaona kibao cha 50 na anajua tochi haikosi. Anaachia mafuta: 70, 60, 50. Gari limerudi Moshi? Si linazidi kwenda! Umbali kutoka stendi unaongezeka kila sekunde, ila nyongeza ya sekunde hii ni ndogo kuliko ya sekunde iliyopita. Derivativu ya kwanza, yaani kasi, ni chanya. Ya pili, yaani jinsi kasi yenyewe inavyobadilika, ni hasi. Grafu ya umbali inapanda huku inajilaza, na hiyo ndiyo tunaita kupinda kwenda chini. Konda anaielewa hii, mwalimu wa Adv haielewi!

Ukurasa unaofuata ndo balaa zaidi: "Derivativu ya pili ikiwa sifuri, hapo ni inflekshini", yaani pale grafu inapogeuza upande wa kupinda. Basi. Hakuna kuangalia chochote. Haya, chukua y = x⁴. Derivativu ya pili ni 12x², x ikiwa 0 unapata sifuri. Weka −1, unapata 12. Weka 1, 12 tena. Chanya huku na huku, grafu inapinda kwenda juu pande zote mbili, inflekshini imetoka wapi? Kwenye x³ sawa, maana 6x ni hasi kushoto na chanya kulia. Lazima alama ibadilike! Kuthibitisha hivyo ni mistari miwili ya kazi, mnaogopa nini?

Nikampigia mwenye kituo. Eti "mzee, sisi tunafundisha njia za kufaulia." Na mtihani ukileta x⁴ watafaulia nini?

Ndiyo haya haya, mfumuko wa bei ukitoka asilimia 5 kwenda 4, mtu mzima na digrii yake anaenda Mbuyuni kugombana na muuza sukari kwa nini hajashusha. Ashushe nini wakati bei bado inapanda? Kilichopungua ni kasi ya kupanda.

Natafuta mwalimu wa Adv, Moshi mjini au hata Arusha kwa wikiendi, anayechora grafu kwanza ndipo atoe kanuni. Hela ipo, njoo PM. Wale wa "mhamishieni HGL" (masomo ya sanaa, hayana Adv), piteni kimya.